Pasi ya Pili Haisafiri na Mwenyewe

Siku ya tatu ya matanga ya mke wangu, Bi Zuwena, sebule yetu hapa Bani Malik ilijaa watu mpaka viatu vikashuka ngazi. Wengi walikuwa Wazanzibari wa Jeddah, watoto na wajukuu wa wale waliohamia huku baada ya mwaka wa sitini na nne, na mimi mtu wa Mombasa nilikaa katikati yao kama nilivyokaa miaka yote, mkwe aliyekwisha kuzoeleka. Kahawa ilikuwa inazunguka. Shemeji yangu mmoja akataka kunipoza, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mnamwona Abubakari? Miaka yote hii amana zetu zinapita mkononi mwake, na haijaharibika hata moja." Watu wakaitikia kweli, kweli. Mmoja akakumbuka dawa za macho za mamake zilizofika Unguja bila kufunguliwa. Mwingine akakumbuka kanga za harusi. Mimi nilikiweka kikombe chini. Ilinibidi niinuke, nijifanye naenda kutazama mlango. Waliojua kwamba sifa ile si yangu walikuwa wawili tu duniani: mmoja tulikuwa tumemzika, na mwingine yuko Kitui.

Nitaeleza mwaka mmoja tu. Wengi wanaoandika habari zao huchagua mwaka wa ujana. Wangu ulinikuta nina miaka hamsini na minane, umri ambao mtu hudhani amekwisha kujijua. Ilikuwa katika ile miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, wasichana wa Kenya walipokuwa wakiletwa Riyadh makundi kwa makundi kufanya kazi za nyumbani. Mimi nilikuwa mkalimani katika ofisi moja ya kuleta wafanyakazi, mtaa wa Al-Murabba, na nilirudi Jeddah kwa mke wangu kila nilipopata nafasi. Ofisi ilikuwa vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na makochi, birika la kahawa na ubani kwa ajili ya makafili, yaani waajiri, ambao humdhamini mfanyakazi na kushika karatasi zake zote. Cha nyuma kilikuwa na zulia jembamba na mabenchi, na ndimo walimokaa wasichana, waliofika na waliorudishwa, mabegi yao miguuni. Katikati palikuwa na mlango wa kioo, na kiti changu kilikuwa kando ya mlango huo, nusu huku nusu kule. Kutwa nilisikia pande zote mbili. Huku kafili anauliza, "Huyu ana nguvu? Haogopi paka?" Kule wasichana wanateta: "Huyo mnene akinichagua mimi nitajifanya kiziwi." "Jifanye tu, atakununulia dawa ya masikio, uoshe vyombo ukisikia vizuri." Nami nilikuwa nikibeba maneno kutoka upande mmoja kuyapeleka mwingine, na nilijisifu moyoni kwamba sikuwa nikiyapunguza wala kuyaongeza.

Mwende aliingia chumba cha nyuma mwanzoni mwa mwaka huo, amerudishwa na kafili wake wa kwanza, mtu wa ofisi za mtaa wa Olaya, Riyadh. Alikuwa Mkamba wa Kitui, hajafika thelathini, mfupi, na alikaa kwenye benchi kama mtu aliyekuja kudai, si kushtakiwa. Kafili akasema, "Mwambie amevunja mkataba. Anakataa kazi." Mwende akanisikiliza mpaka mwisho, akanijibu, "Mwambie mkataba ulisema nyumba moja. Sasa nyumba yake, ya mamake, ya dadake, na ya yule mwenye ndevu sijui ni nani yao, hizo ni nyumba ngapi? Mwambie ahesabu, si amesoma." Nikamuuliza, "Niseme yote?" Akasema, "Yote, mzee. Hata hiyo ya ndevu." Nikasema yote. Kafili alikasirika, halafu kwa kuwa mwenye ndevu alikuwa shemeji yake asiyempenda, akacheka. Mambo yakaisha bila kelele. Mwende akahamishiwa Jeddah, kwa mwalimu mmoja mstaafu na mkewe, watu wazuri, akamalizie mwaka uliobaki. Tangu siku ile aliniamini. Kila nilipokuwa Jeddah alinipigia simu kunisalimu, na Bi Zuwena akazoea kuichukua simu mkononi mwangu wapige stori wao wawili, mmoja na Kizanzibari chake, mwingine na Kiswahili cha Nairobi, wakisahihishana.

Upande wangu, mwaka ule nilikuwa nangoja uraia. Nilikuwa nimeishi Saudia zaidi ya miaka thelathini. Watoto wangu wamezaliwa huku, mke wangu na ndugu zake walikwisha kupewa uraia zamani, na bado kila mwaka ikama yangu, kibali cha kukaa, ilipokaribia kwisha nilisimama mbele ya meza ya Abu Sami, mwenye ofisi, kijana aliyezaliwa mimi nikiwa mtu mzima, nikingoja aamue kama nitaendelea kuishi na mke wangu. Hakunikatalia hata mara moja. Lakini alipenda kunifanya ningoje. Alikuwa akimaliza kwanza kunywa chai. Katika nyumba niliyopanga chumba kule Al-Murabba aliishi dereva mmoja Msudani, mzee kuliko mimi, tuliyekuwa tukipika naye dengu kwenye jiko moja. Siku moja kafili wake alifariki, na watoto wa kafili hawakumtaka. Nilimsaidia kufunga televisheni yake kwa blanketi. Aliniuliza mara mbili, "Khartoum nitamjua nani?" Tangu siku hiyo nilikuwa nikila dengu zile peke yangu, na kila nikisikia hatua ngazini nilidhani zinanijia mimi.

Kwa hiyo habari ilipokuja kwamba faili langu limepita, na kwamba nitaitwa kula kiapo, ningepaswa kushukuru na kunyamaza. Kulikuwa na sharti moja. Nchi hii haimruhusu raia wake kuwa na uraia wa pili bila idhini, na pasi yangu ya Kenya ilitakiwa ikabidhiwe. Kenya nayo, kwa katiba yake mpya, ilikuwa imekubali mtu kuwa raia wa nchi mbili, na mimi nikaona kwamba kama upande mmoja umekubali basi nusu ya ruhusa ninayo. Nilitaka zote mbili, nchi ya kuishi na nchi ya kuzikwa. Kulikuwa na nyumba ya mama kule Kibokoni, Mombasa, ambayo sikutaka kuiingia kama mgeni. Na walikuwepo waliofanya hivyo, wakiyazungumza bila hofu kwa kinyozi wetu wa Bani Malik baada ya sala ya Ijumaa. "Unatoka Jeddah kwa ya kijani, unaingia Mombasa kwa ya buluu." "Na ukipekuliwa hapa ukakutwa na ya buluu?" "Wee! Nani kakwambia uende nayo? Pasi ya pili haisafiri na mwenyewe. Itangulize. Mpe mtu, itakungoja nyumbani kama mke mwema." Tulicheka sote, na kinyozi, Mpakistani asiyejua Kiswahili, akacheka kwa kutuona tunacheka. Wiki iliyofuata nilikwenda kituo cha polisi cha Riyadh, nikaandikisha kwamba pasi yangu ya Kenya imepotea. Nikapewa karatasi yenye muhuri, nikaitia kwenye faili badala ya pasi. Pasi yenyewe ilikuwa ndani ya gunia la mchele, jikoni kwa mke wangu, Jeddah.

Hapo ndipo mambo ya Mwende yalipokutana na yangu. Alinipigia simu ofisini, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na mchezo. Alikuwa na binti, Mutheu, wa miaka mitatu, aliyemwacha kwa mamake. Baba wa mtoto, ambaye hakuwahi kuuliza habari zake, alikuwa amejitokeza na wazee wake kudai mtoto, wakisema mama amemtupa na kukimbilia Uarabuni. Shauri lilikuwa limefika kwa chifu. "Chifu ametupa Jumamosi, saa nne," akaniambia. "Mama ameambiwa wazi: mwenye mtoto asipokuja mwenyewe, mtoto anaenda na babake. Mzee, nisaidie nifike. Hata nikifika na vumbi, nifike tu." Nilimsaidia kwa moyo wote, na sisemi hivi ili kujitetea. Nilimwendea mwalimu mstaafu, nikambembeleza Abu Sami, nikasimama kwenye foleni mwenyewe mpaka kibali chake cha kuondoka kabisa kikagongwa. Tiketi ikatoka ya Alhamisi jioni kutoka Jeddah. Ijumaa Nairobi, Jumamosi asubuhi kwa chifu. Hakuna mtu Saudia nzima aliyeijua Jumamosi ile kuliko mimi. Siku hiyo hiyo barua yangu nayo ikaja: kiapo Jumapili, Riyadh.

Mwalimu alimleta nyumbani kwetu Jumatano mchana, kwa kuwa sikutaka angoje kwenye chumba cha ofisi. Bi Zuwena alikuwa amepika wali wa nazi ya kopo na samaki wa kupaka, lakini Mwende alikuja na unga wa mahindi alioupata kwenye duka la Wahabeshi, akasema leo yeye ndiye mpishi. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikiwatazama. "Hii ndiyo sima au zege?" Bi Zuwena akauliza, akichungulia sufuria. "Fundi wangu wa ukuta nimwite?" Mwende akageuza mwiko kwa mikono miwili. "Mama, hii ukila asubuhi, jioni bado inakutafutia kazi. Si kama wali wenu, mtu anakula sinia nzima halafu anauliza chakula kiko wapi." Walicheka mpaka Bi Zuwena akajifuta macho kwa mtandio. Kisha Mwende akatutolea nguo alizomnunulia mtoto: gauni la zambarau, viatu vyenye taa visiginoni. Alivigonga sakafuni taa ziwake. "Nilimwacha anatambaa kwa matako," akasema, "sijui hata mguu wake ni saizi gani. Nimenunua vikubwa." Bi Zuwena akasema, "Mguu hukua, mwanangu. Vikubwa ndo vyema."

Asubuhi ya Alhamisi, kabla sijaondoka kwenda Riyadh kujitayarisha na kiapo changu, nilimpa Mwende sanduku la tende. Lilikuwa sanduku la kadibodi la duka, na nilikuwa nimeinua tabaka la chini, nikalaza pasi yangu ndani ya nailoni, nikarudisha tende juu yake, nikafunga kwa gundi ya karatasi pande zote. Lilikuwa la kupelekwa kwa binamu yangu, Mombasa. Mtu wake angelipokea uwanja wa ndege wa Nairobi. Watu wa pwani hawaulizi amana ina nini. Ukimuuliza mtu hivyo umemwita mwizi, na ukiifungua ndiyo kabisa. Mwende hakuwa mtu wa pwani, akauliza. "Mzee, ni nini ndani?" "Tende." "Na wale watu wa uwanja si huuliza kama umefunga mzigo mwenyewe?" Nikamwambia, na maneno haya nayasikia mpaka leo kwa sauti yangu mwenyewe, nyepesi, ya mtu anayefunga vifungo vya kanzu, "Sema ndiyo. Ukisema ni wa mtu watakuchelewesha bure." Akalitia kwenye begi la mkononi, juu ya viatu vya mtoto. Bi Zuwena alikuwa mlangoni. Aliniangalia, akaliangalia sanduku, lakini mgeni alikuwa mbele yetu, akamtakia tu safari njema.

Simu iliita saa kumi na moja jioni, nimeketi ofisini Al-Murabba, wenzangu wamekwisha kuondoka. Alikuwa afisa wa uwanja wa ndege wa Jeddah, na alizungumza kwa adabu. Aliuliza jina langu, jina la babangu na la babu. Akauliza, "Pasi yako ya Kenya iko wapi?" Nikasema, "Ilipotea. Nimeandikisha." "Naam, naiona taarifa yako hapa. Imepatikana katika mzigo wa mfanyakazi wa Kenya anayeondoka. Imefichwa chini ya tende. Unamjua?" Nilisema alipita ofisini kwetu. "Kwanza alisema mzigo ni wake, kaufunga mwenyewe. Sasa anasema sanduku ulimpa wewe." Nikasema nilimpa tende. Nilisikia watu nyuma ya afisa, magurudumu ya mizigo, na sauti ya mwanamke iliyokuwa ikisema Kiswahili kwa nguvu. Kisha akauliza, "Basi aliiba?" Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, ni yangu, na ndege ilikuwa bado haijaondoka. Nikasema, "Allahu aalam." Mungu ndiye ajuaye. Afisa akasema vizuri, tutaendelea na taratibu. Kwa miaka mingi nilijiliwaza kwamba sikusema aliiba. Nilikuwa mkalimani, nilijua hasa afisa atayaelewaje maneno yale, ndiyo maana nikayachagua.

Bi Zuwena alipiga simu baada ya muda mfupi. Dereva aliyempeleka Mwende uwanjani alikuwa amemwambia. "Mna nini kwenye lile sanduku?" akauliza. Nikamwambia. Akasema, "Basi nenda kaseme." Nikamwambia kiapo ni Jumapili, nikisema sasa faili litafungwa, na si faili tu, nitakuwa nimewaongopea polisi kwa mkono wangu na nitafukuzwa. Baada ya kiapo nitakwenda, atatoka, ni siku tatu tu. "Siku tatu za nani?" akasema. Ijumaa alipiga mara nne. Mara ya nne hakuzungumzia uraia wala pasi, alisema tu, "Mie huku viatu naviona machoni," akakata. Jumamosi sikwenda kazini. Nilikwenda soko la Al-Batha kuchukua kanzu mpya kwa fundi. Saa za Riyadh na saa za Kenya ni zile zile, kwa hiyo sikuhitaji kuhesabu. Mshale wa saa ya ukutani kwa fundi ulipofika saa nne ulikuwa umefika saa nne kwa chifu pia. Fundi alikuwa amepiga magoti akipima pindo. Akaniambia, "Mzee, simama wima, nitakuchoma sindano."

Jumapili niliapa. Tulikuwa wanaume wachache ndani ya ukumbi wenye ubaridi, tukiyafuata maneno ya afisa, na sauti yangu ilitoka vizuri kuliko za wote. Wengine walilia. Mmoja alinikumbatia akasema, "Sasa tumelala salama." Ile hofu ya hatua ngazini iliondoka kweli, siwezi kusema uongo, iliondoka siku ile ile. Niliyokuwa nimeyataka nilikuwa nayo mkononi.

Jumatatu nikaruka kwenda Jeddah. Nilikuwa nimejiambia njia nzima kwamba nitasema ukweli, na huenda ningesema kama afisa angekuwa mkali. Alikuwa kijana mpole. Alinipongeza kwa uraia, akaniagizia chai, akanieleza kwamba jambo ni rahisi: pasi itazuiliwa na kupelekwa inakohusika, na mwenye haki akimsamehe mwizi wake, karatasi ya msamaha itatiwa saini na mwanamke ataondoka kwa ndege ya kwanza. Karatasi ilikuwa tayari mezani. Nikatia saini. Wakamleta Mwende. Alikuwa amevaa ndara zisizo zake, na alikuwa amekonda usoni kwa siku nne kama mtu aliyekaa ndani mwezi mzima. Mkalimani wao hakuwepo. Afisa akaniomba mimi. "Mwambie umemsamehe, kwa hiyo ataondoka. Lakini alijue kosa lake."

Nikasema, "Mwende, wanasema utasafiri Jumatano."

"Hajasema hiyo peke yake. Nimesikia samah. Kiarabu changu ni cha jikoni lakini hiyo najua." Akaniangalia usoni. "Umenisamehe nini, mzee?"

Akaendelea, taratibu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Mwambie ni wewe uliweka. Wewe una lugha, mimi sina. Siogopi kukaa, hata wakiniweka wiki ingine, Jumamosi yangu ilishapita. Lakini huko nyumbani ofisi ya Nairobi iliyonileta huku imempigia ndugu yangu, imemwambia nimeshikwa na wizi. Chifu amesikia. Kijiji kizima. Mwambie tu huyu kijana aandike vile ilikuwa."

"Anasema nini?" afisa akauliza.

"Anasema ahsante," nikasema kwa Kiarabu. "Anashukuru sana."

Shukran ni neno ambalo hata aliyeshuka jana analijua. Mwende alilisikia. Alimgeukia afisa, akanyoosha kidole kwangu, akasema kwa Kiarabu chake cha jikoni, "Mafi shukran." Hakuna shukrani. Afisa alishtuka, kisha akatikisa kichwa na kuniambia pole, watu hawa ukiwatendea wema ndiyo hivyo. Mwende akapaka wino kidole gumba, akakibonyeza kwenye karatasi iliyosema amesamehewa, na hakuniangalia tena.

Chifu alikuwa ameamua Jumamosi ile ile saa sita mchana. Mama aliyeshikwa kwa wizi ughaibuni hakuwa na mtetezi. Mtoto alichukuliwa na watu wa babake, upande wa Mwingi, na haya nilikuja kuyajua kwa ujumbe mmoja wa simu, mrefu, ambao Mwende aliniandikia mwezi uliofuata. Hakunitukana. Aliniomba niandike barua kwa chifu, karatasi moja tu yenye jina langu na saini yangu, kwamba hakuiba. Bado kulikuwa na nafasi ya shauri kusikilizwa upya. Nilianza barua hiyo mara nyingi. Kila mara nilifika kwenye jina langu nikaona muhuri wa polisi wa Riyadh na ile taarifa ya pasi iliyopotea, nikafikiri karatasi ina miguu, itafika inakofika. Nikaichana. Bi Zuwena hakunisuta hata siku moja. Alifanya jambo moja tu: tangu mwaka ule alikataa mzigo wa mtu kuingia nyumbani kwetu au kutoka. Jirani akija na kifurushi, atamkaribisha, atamlisha, halafu atamwambia, "Kwetu hapa amana hatupokei." Watu walidhani ni uzee. Mimi nilikuwa nikizipokea nje, kwa siri, na kuzifikisha zote, nadhani kwa kutaka mtu aniite mwaminifu. Waliponiita hivyo matangani ndipo nilipojua kwamba siwezi kufa na jina hilo.

Baada ya arobaini nilikata tiketi. Uwanja wa ndege wa Nairobi nilisimama foleni ya wageni na pasi yangu ya kijani. Kijana wa uhamiaji akanisikia nikimsalimia, akauliza, "Mzee, Kiswahili hiki umekitoa wapi?" Nikamwambia, "Hapa hapa." "Sasa mbona uko kwa mstari huu?" Nikamsogezea pasi aigonge. Namba ya Mwende niliipata kwa wasichana wa zamani wa ofisi, nikampigia nikiwa Kitui mjini, kwenye chumba cha wageni chenye kitanda na ndoo. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Alinikatiza. "Mzee, mimi sihitaji kuambiwa. Mimi nilikuwepo. Kama una maneno, yapeleke kwa chifu, huko ndiko yaliharibikia." Nikamuuliza habari za Mutheu. Akasema, "Ni msichana mkubwa. Tunaonana. Ananiita Mwende, kwa jina, kama mtu wa jirani."

Asubuhi yake nilimkuta ameketi kwenye benchi nje ya ofisi ya chifu, amevaa koti la kijivu, ameota mvi mbele. Hakuinuka wala hakunipa mkono. Chifu wa wakati ule alikwisha kustaafu. Aliyekuwepo ni mwingine, mtu wa makamo, aliyetusikiliza na kusema hana uwezo wa kurudisha miaka, na msichana mwenyewe sasa ana akili zake, lakini maelezo atayapokea, yatagongwa muhuri, na nakala itapelekwa kwa wazee wa ule upande mwingine na popote Mwende atakapotaka. Akamwita karani. Karani akatoa fomu, akaandika jina langu, umri, na mahali ninapoishi. Akauliza, "Raia wa wapi?"

Nilijua ninachokiandikisha. Niliapa kwa nchi moja nikaificha nyingine, na hii ingekuwa karatasi ya kwanza duniani kunitaja na zote mbili, na juu yake maelezo ya uongo niliowaambia polisi, kwa saini yangu. Nilimtazama Mwende. Alikuwa akitazama mikono ya karani.

"Andika zote mbili," nikasema. "Kenya na Saudia."

"Nafasi ni moja, mzee. Na hapa chini ni mistari minne tu ya maelezo."

"Geuza karatasi," Mwende akamwambia. "Nyuma ni kweupe."

Karani akageuza, akaikunjua vizuri mezani, akanisubiri. Nikaanza na asubuhi ya Alhamisi.